Anza na mji, viza itafuata

Hotuba hii kuhusu viza za mikoani niliitoa Adelaide, Australia, mbele ya wanafunzi, wahitimu na wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili. Wengi walikuwa kazini siku hiyo, wakaomba waletewe maneno yote. Haya hapa, kama yalivyosemwa.

Wazee wetu, kina mama, kina baba, wanafunzi, na nyinyi wauguzi mliopitia hapa mkitoka zamu ya usiku: hamjambo?

Naomba itifaki izingatiwe, nisitaje kila mtu kwa cheo chake, maana jambo lililotukutanisha ni zito na humu ndani kuna watu ambao viza zao zinahesabu miezi.

Niseme moja mapema. Mimi si wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa, wala si wakili. Nimepita katika njia hii, nimeshika viza ya 491, ile ya muda ya kuishi mikoani, nimefika kwenye ukaazi wa kudumu, na kwa miaka kadhaa nimekaa na watu wetu tukisoma masharti pamoja. Lakini ushauri wa kesi ya mtu mmoja mmoja ni kazi ya waliosajiliwa. Kwa hiyo leo nitazungumzia njia yenyewe: imejengwaje, inamtaka nani, na watu wetu wanaangukia wapi.

Na nina neno moja kuu. Tunaanza mahali pasipofaa. Tukikutana kwenye harusi, kanisani, msikitini, uwanjani, swali letu la kwanza ni lipi? "Viza gani ni rahisi siku hizi?" Au, "491 inataka pointi ngapi?" Nawaomba tubadilishe swali. Swali la kwanza liwe: nataka kuishi mji gani, na mji huo unamhitaji mtu mwenye ujuzi gani? Ukilijibu hilo kwa ukweli, namba ya viza utaonyeshwa. Usipolijibu, unaweza kuipata viza kisha ukashindwa kuiishi.

Tuanze na ramani. Ninyi mlioketi hapa, ni wangapi wanajua kwamba kisheria wako mikoani sasa hivi?

Naona mikono michache. Basi sikilizeni. Kwa sheria ya uhamiaji ya nchi hii, Australia yote ni mikoa isipokuwa Sydney, Melbourne na Brisbane. Ni miji hiyo mitatu tu iliyo nje. Adelaide ni mikoani. Perth ni mikoani. Canberra, makao makuu ya serikali, ni mikoani. Hobart, Geelong, Newcastle, Wollongong, Gold Coast: yote hiyo inahesabiwa kuwa miji na vituo vikubwa vya mikoa. Kisha lipo kundi la pili, la maeneo ya mbali zaidi: Darwin na Northern Territory yote, Whyalla, Mount Gambier, Launceston, Toowoomba, Wagga Wagga, Kalgoorlie. Makundi haya mawili hayalingani katika kila jambo, na nitawaonyesha linapokuja suala la wahitimu.

Kwa nini serikali iligawa hivi? Kwa sababu wageni wengi walikuwa wanarundikana Sydney na Melbourne, huku hospitali, shule na viwanda vya miji midogo vikitangaza kazi bila kupata mtu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hicho ndicho sheria hii inachotaka, mgeni ambaye kuja kwake kutamfaa mwenyeji. Ndiyo maana tarehe 16 Novemba 2019 zilianzishwa viza mbili mpya za muda: 491, ambayo mtu hupendekezwa na jimbo au hudhaminiwa na ndugu anayeishi mikoani, na 494, ambayo mwajiri wa mikoani ndiye mdhamini. Zote ni za miaka mitano. Na baada ya kuishika mojawapo kwa miaka mitatu unaweza kuomba 191, ambayo ni ukaazi wa kudumu. Hiyo 191 ilianza kupokea maombi Novemba 2022, miaka mitatu kamili baada ya hizo mbili za kwanza.

Mtu ataniuliza, je, mlango huu ni mpana? Katika mwaka wa mpango wa 2024–25 serikali iliweka nafasi 185,000 za uhamiaji wa kudumu kwa nchi nzima. Fungu la mikoa lilipata 33,000. Fungu la wenye ujuzi wanaoomba wenyewe bila jimbo wala mwajiri, hiyo 189 ambayo kila mtu anaiota, lilipata 16,900. Mmesikia tofauti hiyo? Mikoa ilipewa karibu mara mbili. Tunaelekea wote kwenye mlango mwembamba, na ule mpana tunaupita bila kuutazama.

Lakini nisiwadanganye. Nafasi za kila jimbo ni chache na hubadilika kila mwaka. Hapa South Australia, mwaka huo wa 2024–25, jimbo lilipewa nafasi 3,000 za viza ya 190 na 800 tu za 491. Hiyo 190 nayo hutolewa kwa pendekezo la jimbo, na ni ukaazi wa kudumu moja kwa moja, bila miaka mitatu ya kusubiri. Kwa hiyo usije ukasema, "Yule bwana alituambia tuombe 491." Sikusema hivyo. Nasema jimbo linalokufahamu, linaloona umesoma kwake, umefanya kazi kwake na kodi umelipa ukiwa kwake, ndilo litakaloamua likupendekeze kwa ipi.

Sasa pointi, yaani alama anazohesabiwa mwombaji kabla ya kualikwa kuomba viza, na wakati. Hili nalisema polepole, maana hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoumia.

Chukueni vijana wawili ninaowafahamu. Walitoka shule moja ya sekondari, wote wakasomea uhandisi wa ujenzi. Mmoja alisoma Melbourne, mwingine akasoma hapa. Walipomaliza wote walikuwa na miaka 28, hawajaoa, Kiingereza chao, kwa mtihani wa IELTS, ni 7 kila upande. Tuwahesabie. Umri, pointi 30. Shahada, 15. Kiingereza, 10. Kusoma Australia, 5. Kutokuwa na mwenza, 10. Jumla 70. Wa Adelaide anaongezewa 5 kwa kusoma mikoani, anafika 75. Na jimbo likimpendekeza kwa 491 anapata 15 nyingine: 90.

Pointi 65 ndizo za chini kabisa zinazokuruhusu kuingiza tamko lako la nia kwenye SkillSelect, mfumo wa serikali wa kualika waombaji. Kuingiza tamko si kualikwa. Watu wanashika foleni na 65 zao wakidhani wamemaliza kazi, na tamko linakaa miaka miwili linajifia lenyewe.

Turudi kwa vijana wetu. Huyu wa Melbourne alipata viza ya mhitimu, 485, ya miaka miwili kwa shahada yake. Miaka hiyo aliitumia kuendesha gari la abiria na kupakia mizigo ghalani, akisubiri mwaliko wa 189. Simlaumu, alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na nyumbani walikuwa wanamtegemea. Huyu wa Adelaide alitafuta ofisi ndogo ya wahandisi, akaanza kwa mshahara mdogo kuliko alivyotarajia. Baada ya mwaka mmoja wa kazi ya taaluma yake akaongeza pointi 5. Na miaka miwili ilipokwisha, kwa kuwa alisoma mikoani na aliishi mikoani muda wote wa 485 ya kwanza, alikuwa na haki ya kuomba 485 ya pili. Kwa mji kama Adelaide ni mwaka mmoja zaidi. Angekuwa amesoma na kuishi Darwin au Launceston ingekuwa miaka miwili zaidi. Hapo ndipo makundi yale mawili ya mikoa yanapotofautiana.

Vijana, mnaona kilichowatenganisha? Si akili, maana cheti ni kilekile. Mmoja alikuwa mahali ambapo kila mwezi aliokaa ulimhesabia. Mwenzake miezi yake ilipita bure.

Na umri haumsubiri mtu. Kati ya miaka 25 na 32 unapata pointi 30. Siku unapofika 33 zinashuka kuwa 25. Ukifika 40 zinabaki 15. Ukifika 45 kabla ya kualikwa, njia ya 491 imekufungia. Umri unahesabiwa siku ya mwaliko, si siku uliyojaza tamko. Na tangu tarehe 1 Julai 2024 viza ya mhitimu yenyewe ina kikomo cha miaka 35 kwa walio wengi. Waliosoma shahada za utafiti ni miongoni mwa walioachiwa hadi 50. Kuna kina mama humu walioanza kusoma wakiwa na miaka 33, 34, baada ya kulea. Dada yangu, hilo lihesabu kabla hujalipa ada ya muhula wa kwanza. Uliza kwanza, ukimaliza kozi utakuwa na umri gani? Hakuna wakala wa chuo atakayekuuliza swali hilo kwa ajili yako.

Nije kwenye kazi.

Kuna dada mmoja, mhasibu, mtu makini sana. Alimaliza shahada ya uzamili ya uhasibu, akapata 485, na akaingia kwenye kazi ya kutunza wazee. Ni kazi ya heshima, wengi wetu imetulisha, na wazee wa nchi hii wanatunzwa kwa upendo na mikono ya watu wetu. Lakini yeye alikuwa anaomba viza kama mhasibu. Saa zote zile alizowaogesha wazee na kuwalisha hazikumletea hata pointi moja ya uzoefu, kwa sababu uzoefu unaohesabiwa ni wa kazi uliyoiteua au inayoikaribia sana, ya malipo, na si chini ya saa 20 kwa wiki.

Alipolijua hilo alikuwa na miezi michache mkononi. Akaanza kutuma barua za kazi Adelaide, akakosa. Rafiki yake akamwuliza swali ambalo ningependa muulizane: "Umejaribu Mount Gambier?" Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Hakuwa na mtu huko. Ofisi ndogo ya wahasibu wa wakulima ilimwita kwenye usaili kwa simu, wakamtaka aanze haraka. Wale wazee wa mji ule, wafugaji wa ng'ombe na watu wa misitu ya misonobari, walikuwa wanamngojea mhasibu kwa muda mrefu. Ndani ya mwaka alikuwa anajua kodi ya mashamba kuliko wahasibu wengi wa mjini. Leo ana ukaazi wa kudumu, na bado yuko kulekule.

Nasema tena: mji kwanza. Alipobadilisha mji, ghafla ujuzi wake ukawa na bei.

Na kwa kila taaluma kuna chombo kinachopima ujuzi wako kabla uhamiaji haijakusikiliza. Wahandisi wanapimwa na Engineers Australia. Watu wa kompyuta, ACS. Wauguzi na wakunga, ANMAC, na tena lazima usajiliwe na AHPRA ili ufanye kazi. Walimu, AITSL. Fani nyingine nyingi ziko chini ya VETASSESS. Kila chombo kina masharti yake, na yapo mambo ya kushangaza. Wa kompyuta, kwa mfano, wanaweza kukatiwa miaka ya mwanzo ya uzoefu wao isihesabiwe kabisa. Mwalimu anatakiwa Kiingereza cha juu kuliko kile ambacho viza yenyewe inataka. Sasa, unaanza lini kusoma masharti hayo? Watu wetu wengi wanaanza wiki cheti kinapotoka. Anza mwaka wako wa mwisho wa masomo. Barua za waajiri wako wa zamani, zile zinazotaja majukumu, saa na mshahara, zitafute wakati meneja wako bado yupo na bado anakukumbuka.

Ndugu zangu, sasa miaka mitatu. Hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote.

Ukipewa 491 au 494, barua ya viza ina sharti namba 8579. Linasema uishi, ufanye kazi na usome ndani ya eneo la mikoa lililotajwa. Wewe na kila aliyemo kwenye viza yako. Mume, mke, watoto. Si wewe peke yako unayebeba sharti hilo, na hilo limewavuruga wengi: mmoja yuko kazini Whyalla, mwenzake kabaki Sydney kwa sababu kazi yake ya Sydney ni nzuri. Sheria haiitazami nyumba hiyo kwa huruma.

Nimwelezee ndugu mmoja, na jina lake litabaki kwangu. Alipendekezwa na jimbo la Victoria kwa 491. Akapanga chumba Ballarat, anwani ikawa ya Ballarat, leseni ya Ballarat. Lakini maisha yake yalikuwa Melbourne, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 100. Kazi Melbourne, kanisa Melbourne, marafiki Melbourne. Wikiendi moja moja anakwenda Ballarat kuchukua barua. Alijiambia, "Nani atajua?" Jamani, nani asiyejua? Mwajiri wake anaripoti mshahara kwenye mamlaka ya kodi. Benki ina kila duka aliponunua. Barabara za kulipia zina namba ya gari lake. Alipofika wakati wa kuomba 191, akakaa mezani na wakala aliyesajiliwa, akaambiwa alete ushahidi wa maisha yake. Alikuwa na mkataba wa pango na kitu kingine hakuna. Miaka mitatu ya ujana wake, na hakuwa na jambo la kuweka mezani ambalo ni la kweli.

Aliumia, na sisi tuliomjua tuliumia naye. Mtu mwenye ujuzi, mpole, mchapakazi. Alichagua viza, hakuchagua mji.

Ili upate 191 unatakiwa uwe umeshika viza yako ya mikoa miaka mitatu, uwe umetii masharti, na ulete hati za makadirio ya kodi za miaka mitatu ya fedha kutoka mamlaka ya kodi ya Australia. Mwaka wa fedha hapa unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kumbukeni hilo mnapopanga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na miaka yako mitatu ndiyo mali yenyewe. Weka faili. Mikataba yote ya pango, bili za umeme na maji, hati za mshahara, barua za shule za watoto, risiti ya fundi wa gari wa mtaani kwako. Ukihama nyumba, toa taarifa. Wasilisha taarifa yako ya kodi kila mwaka kwa wakati, hata mwaka ambao kipato kilikuwa kidogo.

Je, unafungwa kwenye mji mmoja? Hapana. Sharti la viza linakuruhusu kuhama kutoka eneo moja la mikoa hadi jingine. Unaweza kutoka Port Augusta ukaja Adelaide, hujavunja sharti. Lakini kama jimbo lilikupendekeza kwa ahadi kwamba utakaa kwake, ahadi ni deni, na mwenzako atakayeomba kesho anaangaliwa kupitia wewe.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ukishaingia kwenye 491, kurukia viza nyingine si rahisi. Kabla hujaishika miaka mitatu, sheria inakuzuia kupata 189, 190, 186 ya kudhaminiwa na mwajiri, hata ile viza ya mwenza inayoombwa ukiwa ndani ya nchi, 820. Vijana mlio kwenye uchumba na raia au wakaazi, kaeni chini mzungumze kabla ya kukubali mwaliko. Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha maombi. Ni muda wa kutosha kufikiri, na ada ni zaidi ya dola 4,500 za Australia kwa mwombaji mkuu peke yake, haijaongezwa ya mwenza na watoto. Usikubali mwaliko kwa shauku tu.

Kwa upande wa faida, na zipo. Mwenye 491 au 494 anaweza kujiandikisha Medicare, bima ya afya ya serikali, yeye na familia yake. Hilo si dogo kwa mama mjamzito. Na miaka unayokaa na viza hii inaingia kwenye hesabu ya uraia: uraia unataka miaka minne ya kuishi nchini kihalali, na miezi 12 ya mwisho uwe mkaazi wa kudumu. Kwa hiyo aliyetumia miaka yake mikoani vizuri, akapata 191, anaweza kuwa amebakiza mwaka mmoja tu kufika kwenye kiapo, mradi hakukaa nje ya nchi zaidi ya miezi 12 katika minne hiyo, wala zaidi ya siku 90 katika mwaka wa mwisho. Mnaopenda kwenda nyumbani Desemba na kurudi Machi, mmesikia.

Sasa mwajiri. Njia ya 494 inakutaka uwe chini ya miaka 45, uwe na uzoefu wa miaka mitatu, na mwajiri wa mikoani awe tayari kukudhamini. Ni njia nzuri. Ila ina hatari yake, na hatari hiyo ni mtu mmoja kushika hatima yako mkononi.

Kuna kaka mpishi, alidhaminiwa na hoteli moja katika mji mdogo. Mshahara kwenye karatasi ulikuwa sahihi kabisa. Kila alipolipwa, meneja alimfuata jikoni akataka arudishiwe sehemu, taslimu. Akikataa, anaambiwa, "Viza yako iko kwangu." Alivumilia, kwa sababu alikuwa na watoto wawili shuleni na aliamini kwamba akiacha kazi atafukuzwa nchini siku ileile.

Niulize: wangapi humu wanaamini hivyo? Msiogope, sitawatazama.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria imebadilika. Mwenye viza ya kudhaminiwa akiacha kazi ana hadi siku 180 kwa mara moja za kutafuta mwajiri mwingine wa kumdhamini, na jumla isizidi siku 365 katika muda wote wa viza. Na katika siku hizo anaruhusiwa kufanya kazi kwingine. Tangu tarehe hiyohiyo, mwajiri anayetumia hali ya viza ya mtu kumnyanyasa au kumpunja anatenda kosa la jinai. Fair Work Ombudsman, msimamizi wa haki za wafanyakazi, anamsikiliza kila mfanyakazi, viza yake iwe yoyote. Kiingereza kikikusumbua unapotaka kueleza uchungu wako, piga TIS National, huduma ya wakalimani, namba 131 450, uombe mkalimani wa Kiswahili. Yule kaka mpishi alipiga. Alihamia hoteli nyingine, mji mwingine, na fedha zake alizidai.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wanaofanya ni watu wetu pia. Kuuza udhamini ni kosa. Tangu Desemba 2015 sheria inakataza kutoa au kupokea malipo ili mtu adhaminiwe, na viza iliyopatikana hivyo inaweza kufutwa. Kishoka akikwambia, "Nina mwajiri Darwin, lete dola 30,000," anakuibia fedha na anakuibia Australia yako pia. Wakala wa kweli amesajiliwa, ana namba yake, na unaweza kuitafuta bure kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia mawakala, OMARA. Mwombe namba. Akinuna, ondoka.

Kwa waliozidi miaka 45, au ambao kazi yao haimo kwenye orodha za kawaida, ipo mikataba maalumu ya maeneo, inayoitwa DAMA. Northern Territory inayo, Goldfields ya Western Australia inayo, Cairns na kaskazini mwa Queensland wanayo. Hulegeza umri, Kiingereza au mshahara kwa baadhi ya kazi. Lazima mwajiri wa eneo hilo akubaliwe kwanza. Mwenye kesi ya namna hiyo aende kwa wakala akiwa na jina la mkataba mkononi, atapata msaada upesi.

La mwisho kabla ya maswali, na nimeombwa na kina mama nisiliache. Nyumba.

Tunapanga viza kwa mtu mmoja, kisha tunahamisha watu wanne. Baba anapata kazi ya uhandisi Whyalla. Mama ni mfamasia, au mwalimu, au alikuwa na duka lake zuri nyumbani. Anafika kwenye mji wenye watu wachache wa rangi yake, bila dada, bila shangazi, mume yuko zamu ya saa 12, upepo unavuma. Mnadhani nini kitatokea baada ya miezi sita? Nimeona ndoa zikiyumba kwa jambo hili. Na nimeona nyumba nyingine zikisimama imara, na zilizosimama zilikuwa na desturi moja: kabla ya kuhama, wote wawili waliuona mji. Walilala huko siku kadhaa. Mama aliingia hospitali na shuleni kuuliza kazi yake yeye. Walitafuta kama kuna hata familia moja ya kwetu, na kama haipo, walitafuta kanisa, msikiti, timu ya mpira, kikundi cha kina mama. Ujuzi wa mwenza pia una pointi zake, hadi 10, kama umepimwa na Kiingereza kipo. Kwa hiyo kupimisha ujuzi wa mama si hisani, ni sehemu ya maombi yenyewe.

Wanaume, nawaomba. Msije mkamwambia mkeo, "Ni miaka mitatu tu." Mwulize kama anaweza kuuita mji huo nyumbani. Akisema hapana, tafuteni mji mwingine. Australia ni kubwa na mikoa yake ni mingi.

Nimemaliza yangu. Wakala aliyesajiliwa yuko meza ile ya kushoto, amekubali kukaa nasi hadi jioni. Kwa maswali ya hapa mbele, naomba tuanze na wale ambao 485 zao zinakwisha kabla ya Juni 30. Inueni mikono, msione haya. Wewe dada wa pale nyuma, na kaka mwenye koti la bluu, njooni mbele kwanza.